Maji yakiwa yamekupwa, majeruhi watapitia wapi? Mpango wa usafiri wa dharura kwa vijiji vya Pate

Katibu wa Kamati (Pate Mashariki) anauliza:

Assalamu alaykum, ndugu zangu wa Lamu, na jirani zetu wa Tana na Malindi. Mimi ni katibu wa kamati ya maafa ya kijiji kimoja cha upande wa mashariki wa kisiwa cha Pate, na naomba rai zenu juu ya jambo lililotushinda kulimaliza barazani. Tumetakiwa tuandike mpango wa kuwasafirisha majeruhi endapo litatokea janga linalozidi uwezo wa zahanati yetu. Majanga tuliyoyaweka mbele ni yale tunayoyajua: moto unaoruka kutoka paa moja la makuti hadi jingine, kama ule ulioteketeza mamia ya nyumba za Faza mwaka 2009, chombo kuzama na watu wengi, hasa siku za Maulidi na sikukuu ambapo abiria hujazana kupita kiasi, na, Mungu atuepushe, shambulio kama yale ambayo kaunti yetu imeyaona tangu mwaka 2014.

Rasimu tuliyopewa iwe mfano inaonekana iliandikwa kwa ajili ya mji wenye barabara. Inasema kwamba ambulensi zitaegeshwa umbali salama kutoka penye tukio, majeruhi watapakiwa kwa zamu, na madereva watachagua njia isiyo na msongamano. Kwetu msongamano ni wa punda. Mgonjwa hutolewa nyumbani kwa kitanda cha kamba kilichobebwa na watu wanne, hupitishwa vichochoroni hadi ufuoni, na huko hutegemea boti ya mtu binafsi, kwa kuwa ile ya wagonjwa haiwezi kuwa kila kisiwa kwa wakati mmoja.

Baraza limegawanyika. Wazee wanataka kila aliyeumia apelekwe kwanza hospitali ya Faza kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Vijana wenye boti wanasema Faza itajaa katika muda mfupi, na kwamba ni afadhali watu wavushwe moja kwa moja hadi hospitali ya kaunti ya King Fahad mjini Lamu. Wapo pia wanaouliza kwa nini aliye mahututi, ambaye mwisho wake atapewa rufaa ya kwenda Mombasa, azungushwe Lamu mjini badala ya kuteremshwa Mokowe, jeti ya upande wa bara, na kupandishwa gari. Naomba waliowahi kushika kazi hizi watuambie nani aondoke kwanza, aende wapi, na ni nani atakayekuwa na kauli pale ufuoni ambapo kila mmoja ana jamaa yake aliyelala mchangani.

Nahodha Mstaafu anajibu:

Wa alaykumu salaam, Katibu. Kabla hamjafika kwenye majina ya hospitali, andikeni maji. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, kwa hiyo saa ya maji husogea mbele karibu dakika 50 kila siku. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi ya alfajiri na ya alasiri, na hukupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka, ila tofauti ya kina huwa ndogo. Kila mvuvi wa Kizingitini analijua hili tangu utotoni, lakini katika mpango sharti liandikwe, kwa sababu atakayeushika mpango huo usiku wa janga huenda akawa afisa aliyetumwa wiki iliyopita kutoka bara, na yeye ataona kwenye ramani kwamba kijiji kiko pwani na atadhani boti hufika ufuoni saa zote.

Kwa hiyo mpango wenu uwe na kurasa mbili zilizo tofauti kabisa, ukurasa wa maji kujaa na ukurasa wa maji kupwa. Maji yakijaa, boti itasogea hadi machela ipakiwe kutoka nchi kavu, na hapo hakuna la kubishaniwa. Maji yakikupwa, boti itasimama mbali, na kati yake na ufuo kutakuwa na tope na mwamba. Watu wanne waliobeba machela wakizama topeni hadi magotini hawawezi kuiweka sawa. Atakayekuwa kichwani atateleza, na aliyevunjika paja atapata jeraha la pili. Chagueni mapema njia moja ya mchanga mgumu, iwekeeni vigingi, na muwe na vidau viwili vya chini bapa vya kuwakokotea majeruhi juu ya maji haba hadi kwenye boti. Kidau kikokotwe na watu wanaotembea pembeni yake. Mtu asipige kasia akiwa ndani pamoja na mgonjwa.

Njia ya pili ya maji kupwa ni kuvuka kisiwa kwa nchi kavu hadi Mtangawanda, ambako kina kinatosha wakati ambapo Siyu na Pate hazifikiki kwa chombo. Lakini yule atakayepelekwa huko awe ni mtu anayeweza kustahimili safari ya gari au pikipiki kwenye njia mbovu. Msimpandishe bodaboda mtu aliyeumia mgongo, akishikiliwa katikati na wawili, kwa kuwa tu boti iko upande wa pili.

Kumbukeni pia kwamba chombo kinachotoka kwenu kwenda Lamu hupita Mkanda, kati ya Manda na bara, na njia hiyo tangu jadi hupitwa kwa kufuata kujaa kwa maji. Nahodha akiikosa atalazimika kuzunguka Manda kwa nje, na wakati wa kusi, upepo wa kusini, mzunguko huo ni wa mawimbi ambayo mtu mzima wa afya huyaogopa. Ndiyo maana saa ya kuondoka kwa boti isiamuliwe na daktari peke yake. Daktari aseme fulani anahitaji kufika Lamu; nahodha aseme kwa maji haya atafika saa ngapi; kisha wapime pamoja kama Faza si bora kwa saa chache.

Juu ya upakiaji nina mambo matatu ambayo vijana huyasahau. Boti ya fiba yenye kasi hupiga maji kwa omo, yaani sehemu yake ya mbele, basi majeruhi alazwe nyuma karibu na tezi, ambako mtikiso ni mdogo, lakini asiwekwe pua kwa pua na tangi la petroli. Machela ifungwe kwenye chombo kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, na majeruhi mwenyewe asifungwe kwenye machela kwa kamba zisizofunguka upesi, kwa maana chombo kikipinduka atakuwa amefungiwa kifo chake. Na awe na jaketi la kuokolea maisha, amevaa au amefunikwa nalo kifuani kwa namna ya kuelea. Tena afunikwe. Upepo na marasharasha humpoza haraka mtu aliyepoteza damu au aliyeungua, hata kama nyinyi wazima mnatoka jasho.

Usiku, hakuna chombo kitakachong'oa nanga kabla vyombo vya usalama havijaarifiwa. Mnajua hali ya maji yetu. Wekeni redio ya VHF kwenye boti angalau mbili na chaneli 16, ile ya wito wa dharura, iwe wazi, kwani mtandao wa simu hupotea mahali pale pale mnapouhitaji.

Muuguzi wa Langoni anajibu:

Namshukuru Mzee Nahodha, kwa kuwa mengi ambayo huharibika hospitalini huwa yameharibikia baharini. Nitajibu swali la nani kwanza na aende wapi, na nitaanza na jambo ambalo baraza lenu halijaligusa, yaani wale walioumia kidogo.

Katika karibu kila janga kubwa, wanaofika hospitali mbele ya wenzao ni wale wanaoweza kutembea. Hawangoji ambulensi, hupanda chochote kilichopo na kwenda hospitali wanayoijua. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, waliouawa walizidi 200 na walioumia walikuwa karibu 5,000, na wengi wao walibebwa kwa matatu, pikapu na magari ya watu binafsi, wakarundikana Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Jijini Tokyo mwaka 1995, gesi ya sarini ilipoachiwa kwenye treni za chini ya ardhi, hospitali moja iliyokuwa karibu, St. Luke's, ilipokea watu zaidi ya 600 siku hiyo, na wengi walifika kwa miguu, kwa teksi au kwa magari ya wapita njia. Miji hiyo ilikuwa na ambulensi nyingi kuliko tutakazowahi kuwa nazo. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia aliyechubuka mkono kwamba hapa si mahali pako kwa sasa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kwenu ni kutenga mahali pa waliojeruhiwa kidogo, penye kivuli na maji, kama vile madrasa au shule, na kumweka hapo mhudumu wa afya ya jamii anayejulikana na kuheshimiwa. Yeyote anayeweza kuinuka na kutembea akiambiwa aende huko, huyo ni wa kijani, yaani anayeweza kusubiri. Ufuo utapungua watu mara moja, na mtaona ni nani hasa waliobaki wamelala.

Kwa waliobaki, tumieni utaratibu wa START wa kuwapanga majeruhi kwa rangi kulingana na hali zao, uliobuniwa California mwaka 1983 kwa ajili ya waokoaji wenye mafunzo ya msingi tu. Hauhitaji kifaa. Unatazama pumzi: asiyepumua unamfungua njia ya hewa, na akianza kupumua ni mwekundu, yaani wa kuhudumiwa kwanza. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika ni mwekundu. Kisha damu: ukikosa mapigo kwenye kifundo cha mkono, au ukibonyeza ukucha na rangi ikachukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, ni mwekundu. Kisha akili: asiyeweza kutii amri nyepesi, kama vile kukushika mkono, ni mwekundu. Aliyepita yote hayo lakini hawezi kutembea ni wa manjano, yaani anayefuata baada ya wekundu. Kazi hii kwa mtu mmoja isichukue hata dakika moja, na anayeifanya asisimame kutibu, isipokuwa kufungua njia ya hewa na kuzuia damu inayochuruzika. Kwa waliozama ningeongeza jambo moja: asiyepumua apuliziwe pumzi tano kwanza kabla ya kukatiwa tamaa, maadamu kuna mikono ya kufanya hivyo.

Rangi hazionekani vizuri chini ya tochi, na vitambaa vikilowa hufanana. Nawashauri mtumie vipande vya kitambaa vyenye mafundo: mwekundu fundo moja, wa manjano mafundo mawili, wa kijani matatu. Mpokeaji hapa Lamu ataweza kuvitambua kwa vidole hata boti ikifika gizani.

Sasa, Faza au Lamu? Wazee wana haki na vijana wana haki, kwa sababu wanazungumzia watu tofauti. Mwekundu ambaye kitakachomuua ni damu au pumzi, na ambaye Faza inaweza kumfunga jeraha, kumwekea dripu na kumpa oksijeni, ashushwe Faza, asipelekwe mbele yake. Safari ndefu ya boti mikononi mwa watu wasio na kitu cha kumsaidia ni hatari kwake kuliko wadi iliyojaa. Wa manjano, kama vile aliyevunjika mguu na mwenye mapigo mazuri, ndiye anayestahimili safari hadi Lamu, naye aende huko moja kwa moja ili Faza ibaki na nafasi. Kwa maneno mengine, si lazima aliye mahututi zaidi ndiye apelekwe mbali zaidi. Hili hupingwa sana na jamaa, ambao huona hospitali kubwa ndiyo heshima ya mgonjwa wao.

Lakini ugawaji huu hautawezekana bila idadi iliyokubaliwa mapema. Msihesabu vitanda. Ulizeni kila kituo ni majeruhi wangapi wekundu kinachoweza kuwashughulikia kwa wakati mmoja, mchana na usiku, kwa watumishi waliopo zamu, si kwa wale walioandikwa ofisini. Faza wakisema watatu, basi wa nne aanze kufikiriwa kwenda mbele kabla watatu hawajafika.

Mwenye Boti, Kizingitini, anajibu:

Nimesoma kwa makini, na naheshimu elimu ya dada yetu muuguzi, lakini naona mpango huu unawadhania watu wa ufuoni kuwa ni askari waliopangwa mstari. Chombo kikizama mbele ya kijiji, boti za wavuvi zitatoka bila kuitwa, zitaokota watu, na kila moja itaelekea pale inapoona panafaa. Hakuna atakayerudi ufuoni ili mtoto wake afungwe kitambaa chenye mafundo. Na ukisema boti isitoke mpaka mkuu wa ufuo aruhusu, utakuta watu wamekwisha kumtupa mkuu huyo majini.

Jambo la pili ni petroli, na hapa ndipo mipango mingi huzama. Mwaka fulani tulivusha wagonjwa usiku kwa mafuta yetu baada ya kuahidiwa kwa simu kwamba tutarudishiwa, na mpaka leo karatasi zinazunguka ofisi kwa ofisi. Sikusema kwamba tutaacha kuokoa watu, hilo halina mjadala. Nasema kwamba mashine ya nguvu kubwa hunywa mafuta, na mtu ambaye tangi lake lina lita za kwenda kutega nyavu na kurudi hawezi kufika Lamu hata awe na moyo wa namna gani.

Muuguzi wa Langoni anajibu:

Ndugu yangu, kweli boti za kwanza hazizuiliki, wala hazipaswi kuzuiliwa. Mimi nisingempa mkuu wa ufuo kazi ya kuruhusu. Ningempa kazi ya kuelekeza na kuandika. Boti ya kwanza ikiondoka, apige kelele "Faza!" au "Lamu!" kulingana na hali aliyoiona, na aandike kilichoondoka. Boti mbili za kwanza zikienda mahali pasipofaa, bado mpango uko hai. Wa kwanza kuokotwa huwa wachache, na umati wa majeruhi huja baadaye. Asipokuwapo wa kuelekeza, hata boti ya kumi itafuata ile ya kwanza.

Nalo daftari ni kubwa kuliko linavyoonekana. Safu ziwe chache: namba, jina au alama ya mavazi, rangi, saa ya kuondoka, boti, mahali anapopelekwa. Namba hiyo hiyo iandikwe kwa wino mzito kwenye mkono wa majeruhi. Jioni ya janga, nusu ya watu walio kwenye lango la hospitali huwa wanatafuta mtu, na asiyempata huanza safari ya kwenda hospitali nyingine, kwa boti zile zile mnazozihitaji. Jamaa mmoja tu apande na kila majeruhi, na mwanamke aliyeumia apate mwanamke wa kumsindikiza na kanga ya kumsitiri. Hili likipangwa mapema huondoa ugomvi mwingi kwenye ngazi ya boti.

Katibu wa Kamati anarudi:

Nashukuru sana. Kuna jambo dada muuguzi amelipitia kwa haraka, nalo ndilo litakaloulizwa kwanza na maimamu wetu. Rasimu tuliyopewa ina rangi ya nne, nyeusi. Nani atathubutu kumfunga mtu kitambaa cheusi mbele ya mama yake? Na maiti watasafirishwa vipi, ikiwa familia zinataka wazikwe siku hiyo hiyo?

Muuguzi wa Langoni anajibu:

Katika START, mweusi ni yule ambaye njia ya hewa imefunguliwa na bado hapumui. Basi waandikieni wahudumu wenu sharti moja lisilo na mlango wa pili: mtu asiye tabibu asimpe rangi nyeusi mtu yeyote anayepumua, hata jeraha liwe la kutisha vipi. Huyo ni mwekundu. Uamuzi wa kwamba anayepumua hana tumaini ni wa daktari au afisa wa kliniki, na hauna nafasi ufuoni mwenu. Tena hali hubadilika, na aliyekuwa manjano atazamwe upya kabla ya kupakiwa.

Ama maiti, wasitiriwe mahali pa faragha, mbali na njia ya machela, wasimamiwe na wazee na maimamu, wala wasipandishwe boti inayosubiriwa na aliye hai. Kwa kuwa wengi watakuwa ni watu wa kisiwa hicho hicho, wazikwe kwenu baada ya polisi kuwatambua na kuwaandika. Ni vyema maimamu walitangaze hili leo, wakati hakuna msiba, ili siku hiyo lisionekane kuwa ni ukatili wa kamati.

Dereva, Mokowe, anajibu:

Naingia kwa upande wa bara. Kwanza, msimpeleke mtu Mokowe kwa matumaini kwamba gari litakuwapo. Boti ikimwacha majeruhi kwenye jeti isiyo na gari, amekaa juani bila tabibu, na boti imekwisha kurudi. Ujumbe utangulie: idadi, rangi, na saa ya kufika. Mkipiga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, semeni tangu mwanzo kwamba mko kisiwani na mtateremka jeti gani, maana anayepokea simu yuko mbali na hawezi kubahatisha.

Pili, jeti huziba. Magari ya ndugu, tuktuk na bodaboda hujaa mlangoni, na ambulensi hushindwa kugeuka. Polisi wakiarifiwa mapema wataacha njia moja ya kuingilia na nyingine ya kutokea, na magari yasubiri nyuma, yaje moja moja yanapoitwa.

Tatu, fahamuni barabara ikoje. Kutoka Lamu hadi Garsen kupitia Witu ni kilomita 135, na lami imeirahisisha mno, lakini Tana ikifurika barabara hukatika. Mwisho wa mwaka 2023 maji yalipita juu yake upande wa Gamba na Lango la Simba, na abiria wakavushwa kwa boti katikati ya barabara. Kwa hiyo majira ya mvua, ukurasa wenu wa rufaa usitegemee Mombasa kwa gari. Waliobaki upande huu wapelekwe hospitali ya Mpeketoni kupitia Hindi, na mahututi watafutiwe ndege kutoka uwanja wa Manda. Hapo tena jiografia inatusaidia: Manda hufikiwa kwa boti, kwa hiyo aliyekwisha amuliwa kwenda kwa ndege hana sababu ya kuteremshwa Mokowe wala Lamu mjini kisha kupakiwa upya. Kila kumwinua na kumlaza ni mateso, na dripu nyingi hung'oka hapo. Na kama kuna kituo, cha serikali au cha binafsi, kitakachodai malipo kabla ya kumgusa mtu, ibara ya 43 ya Katiba imesema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Mkaazi wa Malindi anajibu:

Naongeza kidogo kutoka huku. Barabara ikiwa nzima, msisahau kwamba Malindi iko karibu nanyi kuliko Mombasa, na kwamba kuna takriban kilomita 120 nyingine kutoka hapa hadi hospitali kuu ya rufaa ya Pwani. Majeruhi wote wakipitishwa mbele yetu kwenda Mombasa, mtakuwa mmerudia lile lile la Faza na Lamu kwa kiwango kikubwa zaidi.

La pili ni kwamba mpango mzima umejengwa juu ya boti. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami ilipofika pwani hii, watu waliondolewa fuoni mapema, na Kenya ikapoteza mtu mmoja, hapa Malindi. Tulipona pakubwa. Lakini bahari iliendelea kuvuta na kusukuma kwa saa kadhaa, na vyombo vilivyokuwa vimefungwa ndivyo vilivyogongana. Siku ya namna hiyo hakuna boti itakayowafikia wala kutoka. Andikeni basi ni mahali gani pa juu majeruhi watakaa usiku mzima wakihudumiwa kwenu, nani ana maji safi, na dawa za kidonda ziko kabati la nani.

Katibu wa Kamati anarudi:

Nimeyaandika yote, na kesho Ijumaa baada ya swala yatasomwa barazani. Tumekubaliana kwamba zoezi la kwanza litafanywa siku ya bamvua saa nne asubuhi, kwa kumbeba kijana mzito kuliko wote hadi kwenye kidau, na la pili litakuwa la usiku, vyombo vya usalama vikiwa na habari. Msimamizi wa ufuo atakuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa sababu ana sauti, ana mwandiko unaosomeka, na hana boti. Msaidizi wake tumemchukua kutoka mtaa mwingine. Kilichobaki ni petroli. Wapo wanaosema mapipa yakae kwa mzee wa kijiji, na wapo wanaosema yakae kwa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo.

Nahodha Mstaafu anajibu:

Yakae BMU, kwa kuwa wao wana banda lililo mbali na nyumba, na petroli si kitu cha kuweka chini ya makuti. Funguo ziwe mbili, moja kwa mwenyekiti wa BMU na nyingine kwa mwalimu wenu. Kila nahodha anayepewa mafuta atie saini kwenye daftari la mafuta, lililo mbali na lile la majeruhi, na kamati ya fedha ilipe boti zilizotumia mafuta yao wenyewe kabla ya kuyajaza mapipa upya. Petroli ikikaa muda mrefu huharibika, basi iuzwe kwa wavuvi kila baada ya miezi michache na inunuliwe nyingine. Na mtakapofanya zoezi la usiku, jaribuni pia kuiwasha ile mashine ya akiba. Nyingi huwa hazijaguswa tangu siku ziliponunuliwa.